Majani Katika Jaruba la Minza

Akataye kabla ya suke huuliza mabua.

Ndivyo alivyowaambia dereva wa trekta leo uwanjani, mlipotaka kumwondoa golikipa mgeni baada ya mechi mbili, nanyi mkacheka mkasema mabua hayana masikio. Ni kweli, hayana. Lakini mimi nilimwona mtu mzima, mwenye ng'ombe na watoto, ameinama matopeni akiyauliza. Kaeni basi, wajukuu zangu. Sayi, wewe ambaye miguu yako haijui kutulia, shika ungo huu umenye karanga; mikono ikipata kazi masikio hufunguka. Maneno yale yalizaliwa hapa hapa kwetu, kwenye bonde linalopakana na barabara, nami nilikuwapo, mundu mkononi.

Wakati huo barabara ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu. Kabla yake palikuwa na mbuga, udongo mweusi unaonata, na majaruba ya mpunga yaliyopangana hadi mtoni. Wajenzi walipokuja walitaka udongo wa kuinulia barabara, wakauchimba pembeni, wakaacha bonde refu lililoifuata barabara kila ilikokwenda. Mvua iliponyesha maji yalijaa humo, yakakosa pa kutokea isipokuwa kwenye kalavati moja, na mdomo wa kalavati lile ulilielekea jaruba la mwanamke aitwaye Minza.

Minza alikuwa amefiwa na mume, ana watoto wawili, na jaruba lile ndilo lililokuwa shamba lake pekee. Lilikuwa mali ya ukoo wa marehemu. Desturi ya ukoo ule ilijulikana: mke aliyefiwa hanyang'anywi jaruba maadamu analima na kuvuna. Kila mwisho wa msimu wenye majaruba walikusanyika, na kila mmoja alileta mganda mmoja wa masuke, mganda wa kujaza mikono miwili, kuonyesha kwamba ardhi ya ukoo haikulala. Jaruba likilala misimu mitatu mfululizo, lilirudi kwa ukoo akapewa mwingine.

Msimu wa kwanza baada ya barabara, magari ya wajenzi yalikuwa yameziba njia ya maji, na miche ya Minza ikakauka. Msimu wa pili kalavati lilifunguka, maji yakaja kwa hasira, yakaisomba. Msimu wa tatu alipandikiza tena mwezi wa Januari. Miche ilikaa siku nne. Siku ya tano alifika akakuta maji yanapita juu yake kama yanapita mwambani, na yalipopungua kulibaki tope tupu.

Tope tupu, na majani.

Majani hayo yaliota Novemba, kwa mvua ya kwanza, kule kwenye bonde la barabara. Hakuna aliyeyapanda. Wapo waliosema mbegu zake zilidondoka kwenye lori la magunia. Wapo waliosema wajenzi walichimba chini mno, wakaamsha mbegu zilizolala tangu enzi za mababu. Maji yaliyosomba miche ya Minza ndiyo yaliyong'oa sehemu ya majani yale na mizizi yake, yakayapitisha kwenye kalavati, yakayatua jarubani mwake. Yakashika tope, yakasimama. Kufikia Februari jaruba lilikuwa limejaa, kijani kibichi kutoka kingo hadi kingo, kama limepandwa na mtu mwenye kamba na akili zake.

Yangekuwa ndago au magugu mengine tuyajuayo, Minza angeyang'oa, na mimi leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Tabu ni kwamba yalifanana na mpunga. Yalifanana, lakini si kama mpunga wetu. Yalikuwa marefu zaidi, bua nene, jani lenye kijani kilichokolea mno, likikwaruza kiganja ukilivuta. Na kuna mpunga, na kuna mpunga mwitu. Hawa wawili ni mapacha hadi siku ya kutoa suke. Mpunga mwitu hutoa suke lenye ndevu ndefu, nyuzi kali zinazosimama kwenye kila punje, na punje zenyewe hazimngoji mvunaji. Hupukutika zikiwa mbichi, zikazama topeni, na mwaka unaofuata jaruba zima ni lake. Huwezi kuula, wala huwezi kuumaliza. Ndiyo maana wakulima wa hapa walikuwa na mwiko: ukiushuku mpunga mwitu, ukate kabla haujatoa suke. Ukingoja kuhakikisha, umekwisha kuchelewa.

Mwiko ule ulikuwa na akili ndani yake. Msiwacheke watu wale.

Basi Minza, badala ya kukata, alianza kupalilia. Kila asubuhi aliingia jarubani, akang'oa magugu mengine, akaziba kingo, akayaachia majani yale maji kiasi yanayoachiwa mpunga. Waliopita barabarani na baiskeli walifunga breki makusudi.

"Mayu Minza," mmoja alimwita siku moja, kama tunavyomwita mama, "majani yako yameshiba?"

"Yameshiba. Yanauliza kama na wewe umekula, maana umepita hapa mara tatu tangu asubuhi."

"Napita kuona kama yameota ugali."

"Yakiota ugali nitakuita. Mboga uje nayo."

Alikuwa hivyo, mdomo wake haukulala njaa hata siku tumbo lilipolala. Mimi nilikuwa nimeolewa mwaka uliotangulia, nyumba ya pili kutoka kwake, na nilimpenda kwa ulimi wake huo. Nikawa nakwenda kumsaidia. Siku moja nikamuuliza, "Dada Minza, unajua hiki tunachopalilia?"

"Sijui, Nshoma."

"Sasa kwa nini tunavunja migongo?"

"Kikiwa mpunga, nitapeleka mganda, nitabaki na jaruba. Kikiwa mwitu, nimepoteza nini? Nilikwisha kupoteza mwezi wa Januari."

"Na wenye majaruba ya chini yako je?"

Aliinama akaendelea.

Jaruba la chini yake lilikuwa la Luhende, mdogo wa marehemu mumewe. Maji yaliyotoka kwa Minza yaliingia kwa Luhende kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote. Watu wengine watawaambia kwamba Luhende alilitamani jaruba la shemeji yake. Si kweli, nami sitamsingizia mtu aliyekwisha kuzikwa. Luhende alikuwa na hofu. Alipokuwa mtoto, kule walikotoka, mpunga mwitu uliingia shambani kwa baba yake. Aliwaona wazee wake wakiung'oa miaka minne, na mwaka wa tano wakajitwisha vyungu wakaihama ardhi nzuri, wakatembea siku mbili hadi huku. Mtu aliyewahi kuhamishwa na nyasi hawezi kuzitazama nyasi kama mimi na wewe.

Ikaja Machi. Mpunga wa watu wengine ukabeba mimba. Ndivyo tunavyosema bua likivimba kwa suke lililomo ndani. Ukatoa masuke, yakachanua, yakaanza kuinama. Majani ya Minza yalisimama wima, kijani, bila dalili. Ikaja Aprili. Miezi mitano tangu yaote, na hayakuwa yamesema neno.

Hapo ndipo kijiji kilipokosa utulivu. Sijui niwaelezeje. Watu waliokuwa na njia fupi ya kwenda kisimani walizungukia barabarani ili wayaone. Mwanamke angeacha chungu jikoni, aseme anakwenda kuomba chumvi, kumbe anakwenda kusimama juu ya kalavati. Mume wangu alikuwa akila huku ametazama mlango. Upepo ukivuma, majani yale yalilala upande mmoja na kuinuka, yakalala na kuinuka, na sisi tuliosimama juu tukayumba nayo bila kujijua. Kila mtu alikuwa na jina lake la kuyaita. Huyu mwitu, yule mpunga, mwingine matete machanga, mwingine hata akasema ni ngano ya mtoni, kitu ambacho hakipo duniani. Waligombana kwa sauti, na kesho yake walibadilishana majina wakagombana tena.

Luhende alizidi wote. Alikuja kila kunapopambazuka, akaingia majini hadi magotini, akabinya bua moja baada ya jingine kwa vidole viwili kama mtu anayepima homa. Kisha akaanza kuyapasua. Kila asubuhi aling'oa bua moja lililo nene kuliko mengine, akalichana kwa ukucha kutazama ndani.

"Shemeji," Minza alimwambia, "mtoto hazaliwi kwa kuchunguliwa."

"Nikiona kitu nitakuambia."

"Unachoona ni bua langu lililokufa. Jana moja, leo moja. Unachagua yale mazuri."

"Sasa nichague mabaya yataniambia nini?"

"Na haya mazuri yamekuambia nini?"

Luhende alilitupa bua majini, akaondoka bila kuaga, na kesho yake alirudi.

Mwishowe kikaitishwa kikao, pale pale juu ya kalavati, maana hakuna aliyetaka kukaa mbali na majani yale. Walikuja wenye majaruba wote na Mzee Ndalahwa, mkubwa wa ukoo. Wengi walitaka miundu siku ile ile. Minza akasimama.

"Sikatai kukata," alisema. "Naomba kuyaona. Suke likitoka leo, punje zake hazipukutiki leo. Zinataka siku kadhaa zijae kwanza. Siku litakayotoka suke la kwanza, nyote njooni mlitazame. Likiwa na ndevu, nitakata mimi mwenyewe na wanangu, na jua halitazama kabla sijamaliza. Nipeni siku nane."

Kulikuwa na kelele, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi, na watu wa mpunga huheshimu hesabu ya mpunga. Mzee Ndalahwa akasema siku nane zisizozidi. Luhende alikubali mbele za watu. Nilimtazama mikono, alikuwa akivunjavunja vidole.

Siku ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna. Ya tatu nilimkuta Minza amekaa kwenye kingo tangu alfajiri, hajafua, hajapika, macho yamemwiva. Ya nne alisema nami mara moja tu, akaniuliza kama upepo ulikuwa mkali kuliko jana.

Siku ya tano mabua yakaanza kuvimba. Yalivimba karibu yote kwa pamoja, na habari ilikimbia kijijini kuliko wenye baiskeli. Luhende akaingia majini, akachagua bua nene, akalipasua. Safari hii ndani mlikuwa na kitu. Suke changa, refu kama kidole cha shahada, jeupe, laini, limefunikwa na vinyweleo vyeupe kama pamba.

Akaliinua juu ili watu wa barabarani walione.

"Ndevu," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mnaona? Hizi ndizo ndevu."

Sikilizeni, kwa sababu kosa lote limo humu. Suke lolote la mpunga likiwa bado tumboni mwa bua lina vinyweleo vile. La kwangu linavyo, la kwako linavyo. Lakini nani kati yetu alikuwa amewahi kuupasua mpunga wake wenye mimba auchungulie? Hakuna. Ni mwiko mkubwa, ni kama kumkanyaga mjamzito. Tulijua mpunga kuanzia mbegu hadi sahani, isipokuwa siku zile chache ambazo hatukuruhusiwa kuuona. Basi tulipoonyeshwa tusichowahi kukiona, tukakipa jina la kile tulichokuwa tunakiogopa.

"Hizo si ndevu," Minza alisema. "Ni utoto."

"Umewahi kuona?"

Hakuwa amewahi.

Siku ya sita, mapema mchana, mawingu yalijikusanya upande wa mto. Yalikuwa mawingu ya kutisha, meusi kwa chini, na upepo wake ulikuwa na ubaridi wa maji. Luhende alikuja na watu kumi na moja, kila mtu na mundu wake. Mimi na mume wangu tulikuwa miongoni mwao. Nilijiambia nakwenda kumsimamia Minza. Lakini mtu anayekwenda kumsimamia mwenzake hachukui mundu, sivyo?

Minza alikuwa ndani ya jaruba, amesimama katikati, majani yamemfika kifuani.

"Zimebaki siku mbili," alisema kabla hajaulizwa.

"Mawingu hayakuwapo kwenye kikao," Luhende akajibu. "Mvua ile ikishuka, kalavati litafunguka, maji yatakufika kiunoni, na hakuna atakayeingia humu wiki mbili. Yatakapopungua, punje zitakuwa zimekwisha kupukutika. Zitakuwa kwangu. Zitakuwa kwa kila mtu hadi mtoni."

"Kama ni mwitu."

"Kama ni mwitu. Ndiyo. Na kama si mwitu nitakuomba radhi mbele ya ukoo mzima. Shemeji, silitaki jaruba lako. Nalitaka langu. Nimekwisha kuhama mara moja."

Minza aliyatazama mawingu. Akamtazama Luhende. Akatutazama sisi wengine, na alipofika kwangu alikawia kidogo. Nilitazama chini.

"Sijapata usingizi tangu siku ya kikao," alisema. "Njaa naijua, nimelala nayo miaka mitatu. Lakini huku kutojua kumenimaliza. Nipeni mundu."

Akapewa. Akainama, akakata wa kwanza.

Tukapanga mstari nyuma yake. Tulikata upesi, kwa pumzi fupi, tukiangalia mawingu, maji yakiruka, mabua yakilia chini ya miundu. Nilikuwa nimekata labda hatua tano nilipopata harufu. Mwanzoni nilidhani inatoka barabarani, labda mtu anapika. Kisha nikakata shada jingine na harufu ikaja moja kwa moja usoni kutoka kwenye bua lililokatwa. Ilikuwa harufu ya wali. Si wali wa kila siku; wali ule wa harusi, unaonukia nyumba ya tatu kabla kifuniko hakijafunuliwa. Mpunga wetu hapa haunukii shambani. Mpunga mwitu haunukii popote.

Nilinusa, wanangu. Nikainua kichwa. Watu wote walikuwa wameinama. Minza alikuwa mbele, mgongo wake ukipanda na kushuka, hapunguzi mwendo. Nikainama nikaendelea kukata.

Tulimaliza kabla ya jua kushuka. Majani tuliyabeba mafungu kwa mafungu tukawapa ng'ombe, nao wakayala kwa pupa. Mvua haikunyesha. Mawingu yalizunguka nyuma ya mto, yakaenda kunyeshea watu wengine.

Wiki sita zilizofuata Minza alikwenda jarubani kila siku. Watu walisema amechanganyikiwa, maana hapakuwa na kitu ila mabua yaliyokatwa, urefu wa kiganja, yamesimama kwenye tope linalokauka. Alikwenda na kata, akachota maji yaliyobaki bondeni, akayanywesha. Mengi yalikufa. Machache yalichipua tena, vile vichipukizi tunavyoviita maotea, vyembamba, vya manjano, kama nywele za mtu aliyetoka kuugua.

Mwanzoni mwa Juni aliniita. Oteo moja lilikuwa limetoa suke.

Lilikuwa fupi, halizidi kidole. Halikuwa na ndevu hata moja. Minza alilipigapiga kiganjani, kwa nguvu, mara nne; hakuna punje iliyodondoka. Akalikunja kidogo akanipelekea puani.

"Nusa."

Nikanusa.

"Siku ile uliinusa?"

Ningeweza kudanganya. "Niliinusa," nikasema.

"Ukanyamaza."

"Ulikuwa mbele yangu, dada. Nilidhani kama ni kweli, wewe ungesimama."

Alicheka, kicheko kikavu, kisha hakikuwa kicheko tena. "Na mimi niliinusa," alisema. "Kwenye shada la pili. Lakini nilikuwa nimekwisha kuomba mundu, na watu wameinama nyuma yangu. Nikajiambia, ikiwa ni kweli, mwingine atasema."

Baadaye nilikuja kuwasikia wengine, mmoja mmoja, kwa miaka. Wote walinusa. Hata Luhende. Mkono ukishaanza kukata hausikilizi pua.

Siku ya mganda ikafika. Wenye majaruba walikusanyika uwanjani kwa Mzee Ndalahwa, kila mtu na mganda wake. Minza alikuja na masuke yote ya maotea aliyoyapata. Yalikuwa kumi na tisa. Aliyafunga kwa unyasi mmoja na bado kifungo kilikuwa kikubwa kuliko mzigo. Akayaweka chini, kati ya miganda ya wenzake.

Luhende alisimama kabla ya mtu yeyote. Niliwaambia sitamsingizia, basi na wema wake niuseme.

"Hili jaruba halikulala," alisema. "Lilizaa, na tulilikata mimba. Nilikata mimi. Nendeni mkahesabu mabua, kila bua lilikuwa suke. Angeleta mganda ambao nyote mngeubeba kwa zamu. Namwomba radhi shemeji yangu, na ninaomba lihesabiwe kama limevunwa."

Mzee Ndalahwa aliyainamia masuke yale akayatazama. Hakuwa mtu mkatili. "Luhende," alisema, "nimekusikia, na mwanamke huyu ninamwonea huruma. Lakini mabua hayapikwi. Nikipokea mabua mwaka huu, mwakani kila mvivu ataniletea mabua na hadithi. Mganda ni wa kujaza mikono miwili. Huu haujazi kiganja. Jaruba limerudi kwa ukoo. Na kwa kuwa wewe ndiwe uliye chini yake, utalishika wewe."

"Silitaki."

"Sikukuuliza kama unalitaka."

Minza hakubishana. Aliokota masuke yake kumi na tisa, akayafunga kwenye pindo la kanga. Kesho yake asubuhi alitoka na watoto na mzigo mmoja, kwenda kwa kaka zake, mwendo wa siku moja upande wa juu. Nilimsindikiza hadi kwenye kalavati. Tulipofika pale tukamsikia Luhende nyuma yetu, anakimbia, kiatu kimoja mkononi.

"Shemeji, ngoja. Nipe moja."

"Moja nini?"

"Suke moja. Nitapanda humu, katika jaruba lako. Nitaotesha mbegu, na ikizaa nitakuletea, kila mwaka nitakuletea. Usiuache mpunga huu ukatoweka hapa kwetu kwa ajili ya kosa langu."

Minza alishika pindo la kanga. Nilidhani angefungua. Mimi ningefungua, kwa haya tu.

"Shemeji," alisema kwa upole, upole ambao ulinitia baridi, "haya kumi na tisa niliyapata kwa kuinama wiki sita. Kila asubuhi niliyauliza mabua: mngenipa nini? Nawe ulipita barabarani ukaniona, hukuinama na mimi. Mimi nilikata, nikauliza. Wewe pia ulikata. Akataye kabla ya suke huuliza mabua. Nenda kayaulize."

Akapanda barabarani na watoto wake, hakugeuka.

Luhende alisimama kidogo. Kisha, mbele ya macho yangu, alishuka akaingia jarubani kutafuta. Kwa desturi yetu siku inayofuata mganda ng'ombe hufunguliwa majarubani kula mabaki, na asubuhi ile walikuwa wamekwisha kuingia, wa kijiji kizima, zaidi ya mia mbili. Luhende alipita katikati yao akiwasukuma mbavu, ameinama, anageuza kila kisiki cha bua kwa vidole, anatazama kama kuna oteo lililosahauliwa. Mbele yake ng'ombe walikuwa wakitafuna, naye anawafuata nyuma. Watu walitoka majumbani wakasimama juu ya barabara. Mmoja akauliza, "Luhende anatafuta nini?" Nikajibu nilichokisikia, kwa sababu sikuwa na jibu jingine. Anayauliza mabua.

Hakupata hata moja. Aliinama hadi adhuhuri.

Mpunga ule upo. Kaka zake Minza waliuotesha, ukazaa, ukajaa kwao, na wenye kuujua huufuata huko na magunia, wakauziwa mchele uliokwisha kukobolewa, si mbegu. Hapa kwetu haukuota tena. Wajukuu zangu mmekula wali wake kwenye harusi mbili tatu, mkalamba vidole, mkauliza mbona sisi hatulimi mpunga kama huu. Wakubwa mliowauliza waliwaambia udongo wetu haufai. Udongo wetu unafaa sana.

Akataye kabla ya suke huuliza mabua.